Wimbo wa Apiyo

Mpendwa dada Adongo,

Hapa Kericho mvua ni njema na majani ya chai yanachumwa kila siku, ila kifua changu daktari amekikatia tamaa. Kwa hiyo nasema.

Jumamosi mchana nilipelekwa kumsikiliza Maxine, yule mwimbaji mkongwe wa muziki wa soul. Ana miaka sabini na sauti bado inatetemesha viti. Alipoanza ule wimbo wake maarufu, "Apiyo, rudi tulale," wanaume walipiga miluzi na kukata viuno.

Baadaye alinikumbatia mbele ya watu. "Huyu mzee ndiye alinipatia hii wimbo! Ebu sema ukweli, Eliakim, huyo Apiyo alikuwa mtamu, sindio?"

"Sana," nikajibu, nikacheka nao.

Adongo, maneno yale ni yako. Ulimwimbia pacha wako Apiyo kaburini, mkiwa na miaka saba, kwa kuwa mlizoea kulala mkeka mmoja. Mimi nilimwambia Maxine nimemtungia mpenzi wangu, na miaka arobaini nimesifiwa.

Kile kicheko bado kinanuka mdomoni mwangu. Usije kunizika kabla ya kuamua kama mimi ni ndugu yenu.

Kakako,
Eliakim