Kwa Baba Mpaka Rangi, na Treni Nyekundu ya Bati

Mwaka mmoja umetimia, Baba, tangu figo zako zilipogoma kabisa ukatutoka. Mama alikuwa amekushika kisigino, kwa sababu mikono yako yote miwili ilikuwa na mipira ya dawa na hakupata pengine pa kukushika.

Gereji walikuita Bwana Rangi. Gari lililopondeka lilitoka mikononi mwako kama jipya, mpaka mwenyewe akalipita akilitafuta. Ulinuka tina, ile ya kuzimulia rangi, hata siku ya harusi ya dada yetu, na suti mpya juu. Kazini hukuwa mtu wa maneno mengi. Ulivaa barakoa yako, ukapuliza, ukarudi nyuma hatua chache, ukainamisha kichwa. Mafundi wenzako wanasema ukiinamisha kichwa upande wa kushoto, basi kazi inarudiwa yote.

Mapenzi yako yalikuwa kwenye vichezeo vya zamani. Wenzako walikwenda kwenye mitumba kutafuta mashati, wewe ulipitiliza mpaka kwenye lundo la midoli lililotupwa mwisho kabisa, ukachuchumaa, ukaanza kufukua. Mama alikuwa anasimama pembeni na mkoba wake, anaona haya.

"Baba watoto, suruali imekupasuka na wewe unachagua bata."

"Huyu bata ana miaka mingi kunishinda na ukimtia ufunguo bado anatembea. Mimi magoti yanalia."

Simu ya kisasa ulikubali kuitumia kwa ajili hiyo tu. Kila picha uliyowatumia wauzaji wa mtandaoni ilikuwa na kidole chako pembeni. Kifurushi kikifika, ulimwambia Mama ni spea ya gari. Siku moja akakifungua mwenyewe, akakuta dubu mwenye ngoma. "Gari gani hili lina masikio?" Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Tulikuwa tunakuuliza, Baba, wewe ni fundi rangi, mbona lori hili unaliacha linabanduka hivi? Ulitunyang'anya mkononi. "Rangi ya kiwandani haiguswi. Ukiigusa umekiua kitu." Ukaliweka rafuni jinsi lilivyokuja, na magamba ya rangi yakidondoka.

Mjukuu wako alipozaliwa, dada yetu na mumewe walikuwa wanaishi nasi vyumba vya nyuma. Ukamwita Mchumba. Ukirudi kazini ulioga kwanza, ukabadilisha nguo, hukutaka tina imguse. Kisha ulimpakata na kumshushia treni nyekundu ya bati, iliyokuwa kipenzi chako kuliko vyote. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuishika. Yeye aliitia mdomoni.

"Mtoto anatafuna chuma," Mama alisema.

"Meno yanaota hayo. Mwache apoze fizi."

Alikuwa ameanza kusema babu, maji, taa. Halafu akawa analia bila sababu, anashika tumbo, chakula hataki. Tukasema ni minyoo, tukasema ni meno. Yale maneno yakaanza kumpotea, moja moja, mpaka akabaki anatutazama tu. Ndipo degedege ikamshika, tukakimbia naye hospitali roho zikiwa juu.

Daktari alipotuambia mtoto ana risasi kwenye damu, mkweo aliruka. "Risasi? Nani kampiga mwanangu?" Daktari akafafanua kwa upole kwamba ni madini, hupatikana kwenye baadhi ya mabomba ya zamani na baadhi ya rangi za zamani, na mtoto huyameza kidogo kidogo. Mkweo alisikia mabomba tu. Akaapa atayafukua yote uani siku hiyo hiyo, na ndugu wote pale ukumbini wakamuunga mkono. Ilikuwa imekwisha. Lawama ilikuwa imeshapata pa kukaa.

Wewe ulikuwa kwenye benchi, umetulia. Mama alikuona unasugua kidole gumba kwenye suruali, tena na tena, kama mtu anayefuta doa. Akajua umejua. Ametuambia, na ametupa ruhusa tuandike hapa, kwamba wakati ule aliomba Mungu akuzibe mdomo. Aliona nyumba yake inataka kuvunjika mbele ya macho yake.

Ulisimama ukaondoka bila kuaga. Ulirudi na treni ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, ukaiweka juu ya meza ya daktari.

"Ipimeni hii. Mimi ndiye niliyempa."

Mkweo aliitazama treni, akakutazama. "Baba, ulikuwa unajua?"

"Sikujua, mwanangu. Lakini mimi kazi yangu rangi. Nani mwingine alitakiwa ajue?"

Majibu ya vipimo yalipotoka, ilikuwa kama ulivyosema. Mchumba alitibiwa, na alipopewa ruhusa hakurejeshwa kwetu. Gari la mizigo lilikuja kuchukua kitanda chake na vyombo vya dada yetu, wewe ukiwa umesimama mlangoni unawapisha wabebaji.

Wanunuzi wa mtandaoni walikubembeleza uwauzie vichezeo vyako. Mkusanyo kama ule walikuwa wanaumezea mate. Ulimjibu kila mmoja kwa swali lile lile: nyumbani kwako kuna mtoto? Mwisho ukaacha kuwajibu. Ulivaa barakoa yako ya kazi na glavu, ukateremsha rafu yote, ukafunga kila kimoja kwenye plastiki, ukakipanga ndani ya pipa. Kisha ukakoroga zege mwenyewe. Mama alikuja na maji ya kuchanganyia.

"Hata dubu?"

"Hata dubu."

Ukamwagia zege mpaka juu, ukasawazisha na mwiko vizuri kabisa, kazi safi kama kawaida yako, halafu ukaingia ndani ukalala na viatu.

Tulidhani yamekwisha. Kumbe ulikuwa unakwenda mitumbani, unasimama kando ya lile lundo, unawaambia akina mama kitu chenye rangi inayobanduka wasimpe mtoto. Uliwapigia simu wauzaji uliowajua. Mmoja alikutukana mpaka Mama akasikia kutoka jikoni. Pale sokoni walikuvumilia mwanzoni, wakakutania, wakasema mzee kachanganyikiwa. Siku moja mwenye lundo alikusukuma. "Umejinunulia miaka yote, leo ndiyo unatuharibia riziki!" Ukaanguka mtaroni na hakuna aliyekuinua.

Mama alipokuvua suruali kukuosha majeraha, ndipo alipoiona miguu imevimba, akibonyeza kidole kinaacha shimo. Daktari alikuwa ametuambia tangu mwanzo kila mtu nyumbani akapime. Sisi tulikwenda. Wewe ulisema mtoto kwanza, kisha ukasema kesho. Walisema figo zilikuwa zimechoka muda mrefu. Inawezekana ni yale madini, inawezekana ni kazi yenyewe, ile misasa na vumbi la miaka kabla gereji haijaleta barakoa. Ulitikisa kichwa. "Kumbe na mimi nimo," ukasema.

Dada yetu alimleta Mchumba wodini mara moja. Alimkalisha kwenye ukingo wa kitanda chako, na wewe ukarudisha mikono chini ya shuka kama mtu aliyeshikwa na kitu cha wizi.

"Mshike, Baba," dada alisema.

"Mikono yangu haijanawa."

Mama hakubishana na wewe. Alileta beseni na sabuni, akakuosha kidole kimoja baada ya kingine, akapita chini ya kucha, akakausha kwa upande wa kanga yake. Ndipo ukamgusa mtoto shavuni. Hakukuita babu. Alishika kidole chako akakichunguza, kisha akakiachia. Dada alilia kimya kimya, wewe ukamwambia usilie mwanangu, mimi nimeona.

Juzi mwanamke mmoja alimsimamisha Mama sokoni. "Yule mzee aliyekuwa anatupigia kelele hapa yuko wapi siku hizi?" Mama akamwambia amefariki. Yule mwanamke akasema, "Nilimtukana mimi." Mkononi alikuwa na kigari cha bluu, rangi inabanduka. Akakirudisha kwenye lundo, akaenda zake. Mama alikitazama pale kilipolala, na mwingine nyuma yake akakiokota.

Hatutakudanganya, Baba, wewe hukutudanganya. Mchumba anakwenda kwa mwalimu wa matamshi. Maneno machache yamerudi, mengine daktari anasema tusiyasubiri. Hatakuwa sawa na wenzake darasani. Ila anacheka sana, na anampenda paka wa jirani kupita kiasi.

Unakumbukwa na mkeo, anayeendelea kukuita Baba watoto. Unakumbukwa na sisi wanao, wa kike na wa kiume. Na dada yako, shangazi yetu. Na mafundi wote wa gereji.

Mkweo hayumo. Tulimfuata tukamuuliza. Akasema, "Bado sijaweza. Msiniandike uongo." Kisha akatuita tulipokuwa tumeshafika nje. "Lakini mtoto mwandikeni. Ni mjukuu wake."

Tumemwandika, Baba. Mchumba wako yumo.

Hutatutoka mioyoni siku zote tutakazoishi.