Mbao za Dari ya Boti Yetu

Baba Kulwa, mume wangu mpenzi,

Leo boti imerudi majini. Abiria wameshashuka, nami nimebaki humu ndani, nikaona habari hii nikupe mwenyewe.

Unakumbuka tulivyoikuta mwaloni, kando ya ziwa? Kuta za ndani zimeoza, dari inaning'inia kama shuka lililolowa. Mimi niliona kuni. Wewe, uliyetoka kwenye mashimo ya dhahabu ya Segese na kifua kimejaa vumbi, uliizunguka ukiipapasa. "Mama Kulwa, hii itavusha watu hadi visiwani. Shimoni sirudi."

Tukaanza kubishana kuhusu kuta na dari. Ulitaka jipsamu yenye maua pembeni, kama kwenye zile nyumba za Nyasubi. Fundi Masalu alicheka hadi akaweka randa chini. "Kaka, jipsamu inakunywa maji. Wimbi la kwanza tu, maua yote mapajani mwa abiria!" Ukacheka nawe, kikohozi kikakukatisha. Mimi nilitaka plastiki, maana inafutika kwa kitambaa. Ukakataa, ukasema jua likiwaka itanuka. Mwishowe ukachagua mbao nyembamba za mninga, kuta mpaka dari, zipakwe vanishi. "Shimoni nilitazama mawe tu," ulisema. "Nikiinua macho humu, nione mti."

Kuta zilikamilika ukiwa hai. Tulikuleta ukaketi mlangoni, ukipitisha kiganja, ukimwonyesha Masalu palipokuwa bado panakwaruza. Mbao za dari zilikuwa zimesharandwa, zimepangwa kivulini, pumzi ilipokuishia.

Siku ya msiba Masalu alinivuta kando. "Pole, shemeji. Nimezunguka Buseresere kutafuta mbao za jeneza. Zote mbichi, zinapinda. Zilizokauka ni zile za dari." Kaka yako akasikia, akasema zisiguswe, boti itauzwa pamoja nazo. Sijui sauti niliitoa wapi. "Chukua, fundi. Alizichagua mwenyewe."

Boti sikuiuza. Kaka yako alininunia, kisha akaja kusaidia kupaka lami chini. Masalu aliniuliza kama anunue mninga mwingine wa dari. Nilishindwa, Baba Kulwa. Nikachagua ile plaiwudi ngumu isiyoogopa maji, nikaipaka rangi nyeupe kwa mikono yangu, shingo ikiuma. Doto akauliza kwa nini dari haifanani na kuta. Nikamwambia, "Mbao zake anazo baba yenu." Akaniomba brashi. Kulwa akashika ngazi.

Dari imetoka nyeupe, chumba kina mwanga. Usingeichagua, lakini nadhani ungeizoea.

Watu wananiambia nitapoa. Mchana napoa. Ila nikipika bado nakupimia na wewe, sufuria inabaki na ugali usio na mwenyewe.

Leo, abiria wakishuka, mama mmoja mgeni alipapasa ukuta, akasema hajawahi kupanda boti nzuri hivi. "Mwenyewe yuko wapi nimshukuru?"

Nilitazama mlangoni kwanza. Kisha nikamjibu, "Ni mimi." Ndiyo mara ya kwanza kusema hivyo, na hapo ndipo nilipojua kweli umeondoka.

Pumzika, baba wa wanangu. Wabeja sana, asante kwa yote.

Mkeo,
Mama Kulwa