Taya la Mama

Jumapili, 1 Juni
Misa ya kwanza. Baridi. Nimerudi, nimesonga ugali wa ulezi, nimekula kwa hasira. Mama katafuna tena kwenye foleni ya komunyo. Taya linakwenda, ulimi unachungulia. Mama Tekla, mwenyekiti wa jumuiya yetu, akanong'ona kwa sauti ya kusikiwa na benchi zima: "Bibi kafungua kinywa kabla ya komunyo, na kufunga ni amri." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumatano, 4 Juni
Nimemkagua. Mama wa miaka sabini nimempapasa kitenge kama mwanafunzi aliyeficha majibu ya mtihani. Hakuna karanga, hakuna pipi. "Mwanangu, sili kitu." Sikumwamini. Nimemwambia asikomunike mpaka aache. Hakubisha.

Jumapili, 8 Juni
Alibaki benchi la nyuma, mtandio mdomoni. Mimi nilikomunika. Nilijiona msafi.

Alhamisi, 12 Juni
Nilikuwa natafuta cheti sandukuni, nikakuta daftari langu la utafiti wa chuo. Panya. Miezi mizima nilikaa mbele ya vizimba nikihesabu kila mara panya alipotafuna bila kitu kinywani. Mwandiko wangu mwenyewe: dawa tuliyowapa huziba vipokezi vya dopamini, kemikali inayoongoza mwendo wa mwili, kwenye ubongo; ikitumika muda mrefu, vipokezi huwa vyepesi kuhisi kupita kiasi, taya likacheza lenyewe.

Nikaenda kabatini kusoma kopo la Mama, vidonge anavyomeza tangu Baba afariki, alipoanza kusikia sauti. Dawa ileile. Kila mwezi naichukua mimi. Mwalimu wa baiolojia, mimi! Panya niliwaamini, mama yangu nikampekua. Nimelia mpaka kwikwi.

Ijumaa, 13 Juni
Hospitali. Daktari aliuliza taya limeanza kucheza lini. Sikujua. Mama alijibu: tangu mavuno ya mwaka jana. Dozi itapunguzwa kidogo kidogo, kuacha ghafla ni hatari. Huenda taya lisitulie kabisa.

Njiani nikamwomba msamaha. Tulipofika sokoni akanishika mkono. Kisha: "Wewe umesoma. Nikadhani labda kweli nakula na sijitambui."



Jumapili, 15 Juni
Nilimwahi Mama Tekla mlangoni. Nikamweleza ni dawa, si chakula, na aliyemzuia Mama ni mimi. Alitazama chini.

Mama alipanga foleni. Taya likicheza. Padre alisubiri kidogo, akamkomunisha.

Mimi nilibaki kwenye benchi. Sijaungama bado nilivyomtendea. Aliporudi alikaa karibu yangu, akanifunika nusu ya kitenge chake.