Mazoezi ya Safari ya Laos

Judica mwanangu,

Maharage yameiva, yapashe tu. Dawa ya presha nimemeza, usianze kuhesabu vidonge. Mchele nimeurudisha ndooni.

Asubuhi hukunipa nafasi ya kueleza. Nilikuwa napanda ngazi za jengo lenu la maduka na huo mchele mgongoni, nijizoeze kwa milima ya Laos. Mama mmoja mnunuzi akanidhania mpagazi, akaniongezea jora la kitambaa. Nikaona hata hilo ni zoezi, nikalibeba. Sikujua analipeleka dukani kwako.

Ukasema mbele ya wateja, “Baba, nimekuleta Guangzhou upumzike, siyo unitie aibu. Hiyo safari hakuna.” Iliniuma. Ila uliposema nikianguka huko hutajua hata pa kunitafuta, nilikuelewa.

~~Nitakwenda utake usitake.~~

Alasiri hii kiongozi wa safari anatupandisha mlima Baiyun, sisi watu sita tunaokwenda Laos, atupime miguu. Njoo, vaa raba, utembee nyuma yangu. Nitakungoja kwenye lango la mlima. Ukiona nashindwa, sema, nami nitajitoa bila kukubishia. Lakini ukichoka wewe kwanza, uniache niende.

Baba