Nimemwita Clive ahesabu mabawa

Doreen shoga, leo nimejiaibisha! Usicheke.

Kwenye kile kichaka cha miiba kilichochanua nikamwona nzi wa maua, kajivika mistari ya nyigu. Nikapaza sauti: "Clive, njoo uhesabu mabawa!"

Clive! Miezi minane mume wangu yuko kaburini, namwita ahesabu mabawa!

Nyuma yangu mtu akajibu, "Mawili, bibie. Nyigu ana manne."

Mzee mgeni, kashika wavu wa kunasia wadudu. "Bwana Clive yuko wapi?"

Nikasema yuko kwenye gari. Kwenye gari, Doreen!

Akamnasa yule nzi kwenye kichupa, akanipa. "Mpelekee amwone, kisha mumwachie."

Sasa niko garini na kichupa mkononi.

Doreen, upo? Nakutumia picha. Mwangalie upesi, nimfungulie.