Penalti ya Samir

Mwangaluka, kaka Masanja!

Huku Amman kuna baridi ya kugonganisha meno, lakini jana niliisahau kabisa. Mama Samir, mwenye nyumba wangu, alinipeleka uwanjani kuiona timu ya kambi yao. Waliianzisha wazee wao, wakimbizi wa Kipalestina, wakiwa bado wanalala kwenye mahema. Kipa ni mwanawe, Samir. Alikuwa amevunjika mguu, na jana ndiyo ilikuwa mechi yake ya kwanza tangu apone.

Tunaongoza moja bila, mpira unakaribia kuisha, wapinzani wakapewa penalti. Mama Samir akajifunika uso kwa mtandio, akanishika mkono.

"Mimi siwezi," akasema. "Tazama wewe, uniambie."

Samir akaruka kulia, akaupangua! Kaka, Kiarabu changu kidogo kikanitoka chote, nikapiga kelele kwa Kisukuma. Mama akanielewa vizuri sana. Akafunua uso huku analia.

"Laiti baba yangu angekuwepo! Uwanja wetu wa kwanza aliung'oa mawe kwa mikono yake."

Wanawake nisiowajua wakanikumbatia. Tulirudi kambini tukiimba, na kila mlango tuliopita Mama Samir alisimama kuwaambia majirani, "Huyu ni binti yangu, anatoka Tanzania."

Mbusu mama, na uwakumbatie watoto wote hapo Sapiwi. Mungu awape mvua nzuri, pamba istawi.

Dada yako akupendaye,
Kabula