Chini ya Dakika Moja

Frankfort, Indiana
Jumapili, 7 Mei

Kaka Del,

Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Sisi huku wazima, ila mvua haijakata wiki nzima na mahindi bado hayajapandwa.

Jana nilikuwa jukwaani kwenye uwanja wa mbio za magari huko Indianapolis, kiti changu kile kile, nakupimia mizunguko kwa saa yangu kama miaka yote hii kumi na mmoja. Sasa nisikilize. Kila ukipita, fundi wako Clem anakuonyesha ubao wenye muda uliopimwa na saa ya bosi wenu Hoyt. Kila mara ubao umezidi saa yangu kwa sekunde moja. Nikadhani mbovu ni yangu. Leo nimeilinganisha na saa kubwa ya stesheni ninakofanya kazi, haina kasoro. Saa ya Hoyt inakimbia, Del. Dakika yake inakwisha kabla ya dakika ya watu.

Ningemwambia mwenyewe, lakini mlinzi kanifukuza kwenye uzio wa waya: mwanamke haingii kwa mafundi. Mwambie wewe. Unataka kuwa mtu wa kwanza kuuzunguka uwanja ule chini ya dakika moja. Utajuaje umefika, kwa saa ya namna hiyo?

Dada yako,
Verna

*

Indianapolis
Jumatano, 10 Mei

Dada Verna,

Salamu zako nimezipata. Mimi mzima, mgongo ni ule ule wa siku zote.

Barua nimeisoma nimekalia tairi, na Clem akaichungulia begani. Akasema, "Mwambie dada yako aje na karanga zake, tena avae gauni la kijani, tukose yote kwa mpigo." Unawajua watu wa huku. Mwanamke, karanga na rangi ya kijani, kwao ni mikosi mitatu ya tumbo moja.

Saa ya Hoyt ni ya dhahabu, aliachiwa na marehemu baba yake. Hata hivyo nitamwambia kabla ya mchujo wa Jumamosi wa kuchagua magari ya mashindano. Nina miaka thelathini na tisa, macho yameanza kunidanganya, na mwakani hakuna atakayenipa gari. Ni mwaka huu, au nirudi kuuza matrekta. Usijali.

Kaka yako,
Del

*

Indianapolis
Jumapili, 14 Mei

Dada Verna,

U hali gani? Mimi niko, basi.

Jana uliona mwenyewe. Kwenye mchujo kila gari lina nafasi tatu tu, kila moja mizunguko minne. Ya kwanza injini ilikohoa. Ya pili Hoyt alitazama saa yake, akaona ninajikokota, akanipungia bendera ya njano kuikataa kabla sijaitimiza. Imebaki moja, Jumapili ijayo.

Sasa niseme ukweli. Sikumwambia. Barua yako imekaa mfukoni mwa koti langu wiki nzima. Kila nikitaka kufungua mdomo namwona Clem, naufunga. Niliona haya kusema nimeyapata kwa dada yangu wa jukwaani. Nisamehe.

Kaka yako,
Del

*

Frankfort
Jumanne, 16 Mei

Delbert,

Mimi mzima, kama unataka kujua.

Ile uliyokataliwa Jumamosi, kwa saa yangu kila mzunguko ulikuwa sekunde sitini na robo. Robo tu, Del. Miaka kumi na mmoja nimekalia kiti kile kwa jua na mvua. Mchumba aliniambia nichague kati yake na saa, nikachagua saa. Kumbe kwako mimi ni mkosi tu, kama karanga.

Jumapili siji. Clem akupimie. Wala usipige simu stesheni, nimewaambia wakujibu sipo.

Verna

*

Indianapolis
Ijumaa, 19 Mei

Dada yangu Verna,

Hujambo? Nimepiga simu mara tatu, nikaambiwa hupo, na nyuma ya anayejibu nakusikia unakohoa. Kunywa kitu cha moto. Kwa kuwa hutaki kusema nami, naandika.

Nimemwambia Hoyt, mbele ya wote. Clem akacheka. Hoyt akasema, "Saa ya baba yangu siiweki chini kwa maneno ya jukwaani." Basi tumebaki mimi na wewe. Kiti chako nakiona vizuri nikitoka kona ya nne. Shika kitambaa cheupe. Mzunguko ukiwa chini ya dakika, kiinue, nami nitajua inatosha, nitashika mwendo ule ule. Nisipokiona, nitakanyaga zaidi.

Najua umekasirika, na una haki. Lakini njoo. Wewe ndiye ulikuwa sahihi.

Kaka yako,
Del

*

Frankfort
Jumanne, 23 Mei

Kaka Del,

Nimezoea kuanza kwa kukuuliza mgongo. Leo sijui niulize nini.

Barua yako ilipigwa mhuri Jumamosi, ikafika Jumatatu saa nne asubuhi. Jumapili nilikuwa nyumbani nafua mapazia. Redio niliizima kwa hasira. Jirani ndiye aliyekuja kugonga mlango.

Jana jioni Clem alikuja, akakaa jikoni kwangu na kulia. Anasema kila ulipotoka kona ya nne uligeuza kichwa kutazama jukwaani, naye hakuelewa unatafuta nini. Mimi nimeelewa. Mzunguko wa tatu ulikanyaga zaidi, na gari likaufuata ukuta. Gazeti limeandika: Delbert Rusk, hakumaliza, hakuna muda.

Nimemwomba Clem daftari lake. Mzunguko wa pili, kwa saa ya Hoyt, sekunde sitini na nusu. Nimetoa ile sekunde moja inayozidishwa na saa yake. Nimerudia kuitoa mara nyingi, na jibu ni lile lile. Ulikuwa umeshapita, kaka. Ilikuwa inatosha.

Kesho tunakuzika kando ya mama. Wameniletea koti lako nilipige pasi. Barua hii nitaitia mfukoni, pamoja na kitambaa. Ile ya kwanza bado imo.

Dada yako,
Verna